Naanza ufundi kompyuta Mwanza: hela niiweke kwenye vifaa au kwenye fremu?

Dogo_wa_Kamanga
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 24, nipo Mwanza. Ufundi nimejifunzia kijiweni, chuo sijapita. Kupiga Windows, kubadili kioo, kibodi, bawaba, tundu la chaja, hayo yote nafanya bila kuuliza mtu. Kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, natafuta short (pale umeme unapopita njia isiyo yake), ila sijaiva. Nina milioni moja na laki nane. Swali langu ni moja tu: ninunue mashine ya hewa moto, pawa saplai ya benchi na hadubini nifanyie nyumbani, au nishike fremu mjini nianze na bisibisi na multimita? Nyumbani ni Kamanga, navuka na feri kila asubuhi, wateja kunifuata kule ni ngumu. Nisaidieni, usingizi sipati.

Sato_Mkavu
Nunua hadubini kwanza, utaihitaji kuiona hiyo hela baada ya mwezi.

Bwana_Volti
Dogo, vifaa. Pawa saplai ya benchi usiikose. Mashine haiwaki? Weka volti 19, angalia ampea. Zikipanda kabla hata hujabonyeza swichi, una short kwenye njia kuu ya umeme. Zikikaa sifuri, anza na tundu la chaja na mosfeti, yaani swichi ndogo za umeme, za pale mlangoni. Kwenye short, shusha hadi volti 1, pulizia bodi spiriti, halafu uiingize hiyo volti kwenye njia yenye short. Panapokauka kwanza kwa joto la short ndipo alipo mchawi wako, mara nyingi kakapasita kadogo kuliko punje ya mchele. Na ukinunua programa ya BIOS, kile kifaa cha kuandika upya chipu yenye programu ya kuwashia mashine, ile nyeusi ya bei chee ya CH341A ina ugonjwa wa kutoa volti 5 kwenye pini za data, wakati chipu nyingi ni za 3.3 na baadhi ya mpya ni za 1.8. Utaua bodi ya mtu halafu umwambie ilikuja imekufa. Ndivyo mafundi Maiko, wale wababaishaji, wanavyozaliwa.

Nyegezi_Kona
Mimi ningekushauri uachane na laptop, ingia kamera za ulinzi. Laptop nyingi za siku hizi RAM, ile kumbukumbu ya kazi, imechomelewa kwenye bodi, utabadilisha nini? Enzi zetu ndiyo kulikuwa na ufundi. Nilikuwa na intaneti kafe pale Rwagasore kabla ya ule mkongo wa intaneti wa baharini wa 2009, intaneti tunavuta kwa dishi la setilaiti, ukurasa mmoja unafunguka mteja ameshamaliza soda. Kompyuta za mgongo mrefu zile. Siku moja nimefungua kioo nimeshachomoa umeme, najiona mjanja, nikagusa nyuma ya ile tyubu. Kumbe umeme unabaki ndani. Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Bwana_Volti
Na jibu la swali lake liko wapi hapo mkuu?

Nyegezi_Kona
Kamera. Nimeshasema.

Mama_Dagaa
Mwangaluka mwanangu. Mimi mambo ya kompyuta sijui, nauza dagaa pale Kirumba Mwaloni. Nauliza tu: huyo aliyekufundisha yuko wapi? Mbona humtaji?

Dogo_wa_Kamanga
Shikamoo mama. Yupo, tuko sawa tu, ila kila mtu na riziki yake. Fremu yenyewe nilishaiona, iko mtaa huohuo niliozoea, laki na ishirini kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Ndiyo maana nikauliza.

Mtu_wa_Mabatini
"Nilishaiona" au ulishalipa? Na mtaa huohuo ni umbali gani kutoka kwa fundi wako? Jibu bila kuzunguka.

Dogo_wa_Kamanga
Nimelipa wiki iliyopita. Ni fremu ya tatu kutoka kwake.

Sasa kabla hamjanirukia: kazi za benchi nilikuwa nafanya mimi, yeye anakaa mbele anapokea hela. Mimi napewa nauli na chakula. Wateja wananipigia mimi, namba zao ninazo kwenye simu yangu. Pale Makoroboi wauza nguo wamebanana bega kwa bega na hakuna anayeitwa msaliti.

Mtu_wa_Mabatini
Kwa hiyo milioni moja na laki nane haipo. Ukitoa laki saba na ishirini umebaki na milioni moja na elfu themanini, na umekuja kuuliza fremu au vifaa wakati fremu unayo tayari. Ulitaka ushauri au makofi?

Mama_Dagaa
Mwanangu, kujitegemea si dhambi. Ila hizo namba walikupa wakiwa dukani kwake. Ulimuaga?

Dogo_wa_Kamanga
Bado. Nilipanga nikishaweka meza na bango ndiyo nimwambie.

Mwl_Mstaafu
Bango ndilo litakalomwambia. Vijana mnataka kuvuna shamba ambalo hamkulima. Sisi tuliwabebea mikoba waliotufundisha.

Sato_Mkavu
Mwalimu, ulibeba mikoba ya nani? Tuanzishie uzi wako.

Fundi_wa_Buzuruga
Maadili nawaachia wengine, mimi naongea kazi. Spea utatoa wapi? Kama kijiwe chenu ni kama vingine, kioo kinapakiwa kwenye basi kutoka Kariakoo kwa mkopo wa jina la fundi wako, wewe jina huna. Ukiagiza kioo chenye plagi ya pini 30 kumbe mashine ni ya 40, nani atakirudisha? Pili, laptop uliyotengeneza kwake mwezi jana ikirudi ina kasoro, mteja anaingia fremu ipi? Atakuja kwako, na utaitengeneza bure, maana utakuwa umempigia mwenyewe kumwambia umehama. Hayo ndiyo ya kukunyima usingizi. TIN, namba ya mlipakodi, kachukue TRA, ni bure, halafu ndiyo leseni ya biashara. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, kaulize pale Nyakato. Cheti kinasaidia siku ukitaka kazi za shule na ofisi.

Mzee_wa_Data
Mnahangaika na chai. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, magari yanapita usiku na mchana. Huyu anavuka "na feri kila asubuhi" ipi? Katunga, na nyie mnamimina vikombe.

Sato_Mkavu
Aisee. Mimi nilishaanza kumchangia kwa moyo.

Nyegezi_Kona
Nilijua. Ndiyo maana nikamwambia kamera.

Fundi_wa_Buzuruga
Mzee wa Data, wewe Mwanza unaijua kwa ramani. Daraja liko Kigongo, Misungwi huko. Feri ya Kamanga inakushusha mjini katikati. Mtu wa Kamanga azunguke mpaka darajani kufanya nini?

Mzee_wa_Data
Sawa, feri nimeelewa. Basi aweke picha ya fremu.

Dogo_wa_Kamanga
Siweki. Nikiweka picha atajua ni mimi.

Mtu_wa_Mabatini
Dogo. Mtaa mmoja, fremu ya tatu, fundi mwenye kijana anayevuka kutoka Kamanga, na akaunti yako inaitwa hivyo hivyo. Picha ya nini tena?

Dogo_wa_Kamanga
Wakuu jina la akaunti linabadilishwaje humu?

Sato_Mkavu
😂😂😂

Mama_Dagaa
Usibadilishe jina. Nenda ukamwambie kabla hajaambiwa na wapita njia. Chukua na kilo ya dagaa kwangu, mtu hatukanani vizuri akiwa ameshika mfuko.

Fundi_wa_Buzuruga
Na ukienda, usiende kuomba radhi tu. Mwambie kazi za bodi zote atakazoshindwa azilete kwako, mgawane. Yeye ana spea na jina, wewe una mikono. Akikataa, mwombe mwenye nyumba akuruhusu umpate mtu wa kurithi miezi yako, utafute Igoma au Buhongwa.

Dogo_wa_Kamanga
Kuhama sihami, hela imeshaingia. Ila kuongea naye nitaongea Jumamosi, Ijumaa ana kazi nyingi. Bwana Volti, hujanimalizia: hadubini ninunue ya kutazamia kwenye kioo cha skrini au ya macho mawili?

Bwana_Volti
Ya macho mawili. Zile za kioo za bei rahisi zinachelewesha picha, mkono unatangulia jicho, utang'oa kapasita ya jirani.