Mjadala: Je, kuna ndege ya propela iliyowahi kuipita sauti?

Wakuu, suala hili kila likiguswa watu wanagawanyika. Kuna wanaosema ndege za kivita za propela na injini za pistoni za Vita Kuu ya Pili zilishaipita kasi ya sauti kabla ya rubani Mmarekani Chuck Yeager kuivuka kwa ndege yake ya roketi, Bell X-1, tarehe 14 Oktoba 1947, ila historia imewadhulumu marubani wa ndege hizo za propela. Wengine wanasema haikuwezekana kabisa. Mimi nasimama na hawa wa pili, na sababu yangu kubwa ni propela yenyewe.

Nianze na dai lenye nguvu kuliko yote. Novemba 1942, maluteni wawili wa jeshi la anga la Marekani, Harold Comstock na Roger Dyar, walipiga mbizi, yaani walishuka kwa kasi pua ikielekea chini, na ndege za kivita za propela aina ya P-47 kutoka juu sana. Usukani ukakaza kana kwamba umechomelewa. Walipotua salama, kampuni ya Republic iliyoziunda ndege hizo ikatangaza kuwa zilifika maili 725 kwa saa, yaani kama kilomita 1,167. Kwenye kimo cha mita 11,000, ambako baridi hufika nyuzi 56 chini ya sifuri, sauti husafiri kilomita 1,062 hivi kwa saa. Ukilichukua tangazo lile lilivyo, sauti iliachwa nyuma, na hapo ndipo watetezi wanapong'ang'ania.

Marubani wale siwaiti waongo hata kidogo. Walisema walichokiona kwenye kipima mwendo, na kipima mwendo ndicho kilichodanganya. Kifaa hicho hakipimi mwendo moja kwa moja. Kinalinganisha hewa inayosukumwa ndani ya mrija unaotazama mbele na hewa tulivu inayoingia kwa tundu la pembeni. Ndege ikishuka kwa kasi kubwa, hewa ya tundu la pembeni huchelewa kubadilika. Ndani ya kifaa bado kuna hewa nyepesi ya juu wakati ndege imeshafika penye hewa nzito, tofauti inakuwa kubwa kuliko ilivyo kweli, na mshale unapanda kupita kiasi. Ongeza mawimbi ya mshtuko yanayojikusanya karibu na matundu yale unapoikaribia sauti, na namba ya mshale haifai tena bila kusahihishwa.

Sasa tuje kwenye propela, maana hapa watu hupita haraka mno. P-47 zilizofungwa yale mapanga mapana zilikuwa na propela yenye kipenyo cha karibu mita 4. Injini ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, gia hupunguza nusu, kwa hiyo propela inazunguka mara 1,350. Piga hesabu: ncha ya panga inakata hewa kwa mita 280 hivi kwa sekunde, na hapo ndege bado imesimama. Ipe ndege mwendo wa Mach 0.83 (Mach 1 ni kasi ya sauti yenyewe, kwa hiyo hii ni asilimia 83 yake) kwenye kimo cha mita 9,000, mita 250 hivi kwa sekunde, kisha unganisha mwendo wa mbele na ule wa kuzunguka. Ncha inapita kwa zaidi ya mita 370 kwa sekunde, mahali ambapo sauti inakwenda mita 303 tu. Yaani ncha za propela zimeshavuka sauti zamani wakati ndege yenyewe bado iko nyuma. Kwenye ncha hizo msukumo unaporomoka, ukinzani wa hewa unapanda, na nguvu ya injini inaishia kupigana na mawimbi. Ukiendelea kushuka, propela inageuka breki.

Hili halikubaki kuwa nadharia. Herb Fisher, rubani wa majaribio wa kampuni ya Curtiss-Wright, alipiga mbizi zaidi ya 100 akiwa na P-47 kwa kazi hiyohiyo ya kupima propela kwenye mwendo mkubwa.

Na kama mtu anataka shujaa wa kweli wa mbizi, jina lipo: Anthony Martindale. Aprili 1944, kule Farnborough, Uingereza, aliishusha ndege ya propela ya Kiingereza aina ya Spitfire PR XI hadi ikafika Mach 0.92. Propela ikang'oka pamoja na gia yake. Pua ikawa nyepesi, mkia ukawa mzito, ndege ikanyanyuka yenyewe kwa nguvu ya mara 11 ya uzito wake, naye akapoteza fahamu. Alipozinduka alikuwa juu tena, karibu futi 40,000, na mabawa yamepinda kidogo kuelekea nyuma. Akairudisha uwanjani ikielea bila injini, umbali wa kilomita 32 hivi, na akatua. Ile 0.92 ilipatikana kwenye majaribio rasmi, na mimi naiheshimu kuliko tangazo lolote la kampuni.

Wapo wanaouliza: kama propela ni breki, mbona Spitfire ile haikuongeza mwendo ilipoipoteza? Kwa sababu haikubaki kwenye mbizi. Ilipoteza uzito wa mbele na papo hapo ikaanza kupanda. Wengine humtaja rubani Ted Powles, aliyepiga mbizi na Spitfire PR XIX juu ya Hong Kong tarehe 5 Februari 1952, na vipimo vyake vikatoa Mach 0.96. Ni vilevile vipimo vya kawaida nilivyovieleza, na hata ukivikubali vyote bado sauti haijafikiwa.

Kinachoniuma ni kuwa dai hili linafunika gharama ya kazi ile. Rubani wa majaribio Ralph Virden alikufa Novemba 1941 akiijaribu ndege ya kivita P-38 kwenye mbizi, wakati watu bado wanatafuta kwa nini usukani unagoma karibu na sauti. Tukisema mwaka uliofuata maluteni wawili waliivuka sauti na kurudi nyumbani salama, tunaifanya hatari iliyomuua ionekane ndogo.

Basi mnaoshikilia kuwa Comstock na Dyar waliipita sauti, naomba jibu la swali moja. Fisher alikuwa na P-47, propela za majaribio na mbizi zaidi ya mia. Kwa nini aliishia kwenye Mach 0.83 hivi?