Kung fu na madaraja yake: mkanda unapima nini hasa?

Mchapakazi wa Temeke (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili bila matusi.

Nina miaka sita kwenye kung fu, changquan, ile ngumi ndefu ya kaskazini mwa China yenye mateke ya juu na hatua pana. Mwezi uliopita klabu yangu ilibandika tangazo la mtihani wa daraja: ada ya mtihani, hela ya mkanda, hela ya cheti. Hela ningeitafuta. Kilichonishinda ni jibu nililopewa nilipouliza tutapimwa nini. Taolu mbili, yaani ule mfululizo wa mapigo unaoupiga peke yako ukipambana na hewa, halafu maswali ya nidhamu. Basi. Hakuna mtu wa kunirushia hata ngumi moja.

Sikufanya. Sasa vijana niliowaonyesha namna ya kukunja ngumi wamenipita mkanda, na Jumamosi mmoja wao, miaka 19, alisimama kimya akisubiri mimi ndiye nianze kumpa salamu ya ngumi na kiganja. Nikampa. Ila usiku sikulala vizuri.

Hoja yangu ni hii: mkanda si mali ya kung fu. Umetoka Japani. Kano Jigoro, mwasisi wa judo, ndiye aliyetoa dan, yaani madaraja, za kwanza mwaka 1883, watu wa karate wakachukua kwake, na rangi nyingi za katikati zikashamiri Ulaya kwa ajili ya wanafunzi wasio na subira. China wenyewe mfumo wao rasmi wa duan, madaraja yao ya kung fu, umeanza kutumika 1998 tu: ngazi tisa, tatu za mwanzo nembo yake tai, tatu za kati simbamarara, tatu za juu joka. Kabla ya hapo watu walifanya mazoezi mpaka wakazikwa bila cheti. Tuifute mikanda. Mnasemaje?

Msomaji wa Usiku

Pole kwa ile salamu, mkuu. Lakini kwenye historia umeteleza, tena umeteleza pabaya.

China ilikuwa inawapa wapiganaji vyeo kwa mtihani tangu mwaka 702, enzi ya Wu Zetian, mwanamke pekee aliyetawala China akiwa na cheo kamili cha mfalme. Mtihani ule ukaendelea, kwa kukatika na kurudi, hadi 1901. Karibu miaka 1,200, na Mjapani hayumo. Wala haukuwa wa kupambana na hewa. Enzi za Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme, mtahiniwa alipiga mishale akiwa juu ya farasi anayekimbia, kisha akiwa kwa miguu. Akavuta upinde mgumu. Akazungusha panga la mpini mrefu, lile kubwa kabisa zito kuliko mfuko wa saruji. Akanyanyua jiwe, na jiwe la daraja la juu lilikuwa la jin 300, kama kilo 180 hivi. Bado kulikuwa na karatasi ya vitabu vya kale vya vita.

Sasa sikia uchungu wake. Vita vya kasumba vilipopigwa, 1839 hadi 1842, Waingereza walikuja na meli za mizinga, na watahini wakabaki wanapima upinde. Miaka mingine karibu 60 ikapita, bado upinde. Mtihani ulikuwa mgumu kwelikweli. Hakuna ambaye angethubutu kusema kunyanyua kilo 180 ni maigizo. Ulipima vizuri sana kitu ambacho vita ilikuwa haikihitaji tena.

Kwa hiyo habari ya mkanda ni wa nani hainisumbui. Ningekuwa wewe ningemuuliza yule aliyebandika tangazo: unanipima hivi kwa sababu unadhani naelekea wapi?

Kiatu cha Sanda

Anaelekea ulingoni, au anadanganywa. Jibu fupi.

Aprili 2017, Chengdu. Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko, anakutana na Wei Lei, mwalimu wa taiji (tai chi, ile ya mwendo wa taratibu) aliyejisifia nguvu za ajabu. Haikufika nusu dakika, mwalimu yuko chini anamiminiwa ngumi. Mei 2020, Ma Baoguo, mzee wa karibu miaka 70 aliyejipa mwenyewe cheo cha mkuu wa mtindo, anaangushwa mara tatu ndani ya kama sekunde 30, na mara ya tatu haamki. Julai mwaka huohuo Chama cha Wushu cha China (wushu ndilo jina rasmi la kung fu) kikatoa wito watu waache kujiita mabingwa wakuu na wakuu wa mitindo. Angalieni mpangilio: kipigo kwanza, waraka baadaye. Waraka wenyewe ungekuja lini kama Xu angekaa nyumbani?

Mimi nacheza sanda, ambayo China ilianza kuijaribu rasmi mwaka 1979: ngumi, mateke na kumbwaga mtu. Sina mkanda. Nina pua iliyopinda na mapambano 11, nimepoteza 5. Anayetaka kujua kiwango changu, namba ndiyo hizo.

Msomaji wa Usiku

Na Xu huyohuyo mwaka 2019 mahakama ilimwamuru aombe radhi na alipe fidia kwa kumtukana bwana mwingine wa taiji, hilo umelisahau. Halafu, kumtwanga mtu aliyejivika cheo mwenyewe hakutuambii chochote kuhusu aliyekipata kwa mtihani. Mifano yako yote miwili ni ya watu ambao hawakupimwa na yeyote. Hapo unamsaidia nani?

Kiatu cha Sanda

Haya, hiyo nakupa. Pua bado imepinda.

Kocha wa Jioni

Salaam wote. Mimi ni mmoja wa hao wanaobandika matangazo, kwa hiyo nipigeni mawe taratibu.

Nina watoto 34, wengi chini ya miaka 12. Mtoto wa miaka tisa ukimwambia "fanya mazoezi miaka kumi, utaona matunda", ataona matunda kwenye mpira wa miguu, tena wiki ijayo. Mkanda wa njano unamrudisha Jumatatu. Na ada, ndugu zangu, ndiyo inayolipia ukumbi, kwa sababu ada ya mwezi nusu ya wazazi hawalipi na siwezi kumfukuza mtoto.

Kuhusu taolu mnazozidharau: huko ndiko mchezo ulikoelekea. Mashindano ya kimataifa yanatoa alama kati ya 10: 5 za ubora wa mapigo na mikao, 3 za utendaji mzima, yaani nguvu, mdundo na mpangilio, na 2 za ugumu, yale mateke ya kuruka na kuzunguka hewani. Wushu imo kwenye ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza kufanyika Afrika. Kijana wangu akitaka kufika huko, hapigwi ngumi na mtu. Anapimwa kama goti limekunjwa vizuri akitua. Kwa huyo, mtihani wa taolu ndio mtihani wenyewe.

Lakini nitasema na langu. Kuna mkanda mmoja haujanitoka moyoni mpaka leo. Mzazi alilipa mapema, mtoto hakuwa tayari, nikaona aibu kurudisha hela. Nikampa. Wiki mbili baadaye alimvunja mwenzake jino shuleni, na alipoulizwa akasema yeye ana mkanda. Nilikwenda kwa wazazi wa yule mwingine nikiwa sina la kusema.

Mama wa Mapacha

Kocha, shikamoo, na ahsante kwa kusema. Wengi wangemeza.

Kaka wa sanda, kwa kipimo chako mimi sina kiwango kabisa, maana ulingoni sipandi ng'o. Nilianza taiji mgongo ulipogoma baada ya kujifungua hao mapacha. Nilianza na ule mfululizo wa mikao 24 uliotengenezwa na serikali ya China mwaka 1956 ili mtu wa kawaida aweze kuujifunza. Wajuzi wanaubeza kuwa ni taiji ya kuchemsha haraka. Mimi umenifaa.

Kilichonibadilisha lakini si mikao 24. Ni kusimama. Wanaita zhan zhuang: magoti yamelegea, mikono kama umekumbatia mtungi, unasimama. Dakika tatu za kwanza nililia kwa mapaja kuwaka moto. Leo nafika 20. Na humo katikati niligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: nikikasirika, nabana pumzi na mabega yanapanda. Wanangu wamelijua hilo kabla yangu. Huwa wanatazama mabega yangu kwanza, ndipo waamue kukiri nani kamwaga uji.

Mwalimu wangu hunipima kwa kusukumana mikono, tuishou. Hapigi. Anaweka kiganja chake kwenye mkono wangu, ananisukuma kidogo, na mabega yakipanda tu ananicheka. Sijui hilo utaliandikia cheti gani, lakini kudanganya haiwezekani. Wachina wana msemo kwamba anayefanya ngumi bila kufanya gong, uzeeni ataambulia patupu. Gong ni ule msingi unaojengwa kwa muda. Sasa nyie mnagombania mkanda wa ngumi au wa gong?

Mkazi wa Guangzhou

Nawasoma nikiwa huku kwenye biashara ya nguo, mwaka wa nane. Mtu wa Mombasa. Jumapili napanda treni hadi Foshan, si mbali, kufanya wing chun, mtindo wa kung fu wa kusini, kwenye chumba kidogo juu ya duka la vigae.

Huku mkanda hakuna, ila msidhani hakuna cheo. Cheo ni cha ukoo. Mwalimu ni shifu, na silabi ya mwisho inaandikwa kwa alama ya "baba". Aliyeingia kabla yako ni shixiong, kaka mkubwa. Kaka yangu mkubwa ana miaka 23, mimi nina 41. Namtilia chai. Si kwamba ananishinda (ananishinda, lakini siyo sababu), ni kwamba alinitangulia mlangoni. Na kuna ngazi moja tu inayohesabika: siku mwalimu anapokubali upige magoti, umpe kikombe cha chai, uwe mwanafunzi wa ndani. Wengine hawafikishwi hapo maisha yao yote na hawaambiwi kwa nini.

Nilikotoka nimeyaona haya. Chuoni ijaza hupewi kwa kulipia. Shekhe anakusikiliza usome, anakurudisha, anakusikiliza tena, na siku akiridhika anakuruhusu ufundishe, na jina lake linakwenda na wewe. Ukiharibu, umemharibu yeye.

Ila msiupambe mfumo huu kupita kiasi. Jicho ni la mtu mmoja. Akiwa na upendeleo, huna pa kukata rufaa. Akiwa tapeli, ukoo mzima ni wa kitapeli, na utatumia miaka kumi kuligundua hilo kwa sababu adabu inakukataza kuuliza. Ndiyo maana Jingwu ilipoanzishwa Shanghai mwaka 1910 ilikuwa kitu kipya: mitindo mbalimbali chini ya paa moja, mifululizo kumi ya msingi kwa kila mwanafunzi, milango wazi, wanawake nao wakaingia. Na Nanjing mwaka 1928, taasisi ya Jenerali Zhang Zhijiang iliandaa mtihani wa taifa: kwanza unaonyesha taolu, ukipita unapigana. Vyote viwili! Waliumizana sana, lakini mtahini hakuwa shifu wako.

Kiatu cha Sanda

Hiyo ya 1928 ndiyo. Irudisheni hiyo mimi ninunue mkanda kesho.

Msomaji wa Usiku

Kwa haki, duan za sasa nazo zilisogezwa kidogo huko. Vitabu vyake vipya vya mtihani vina mazoezi ya watu wawili pia, siyo ya peke yako tu. Ila ukifika duan ya saba kwenda juu unatazamwa zaidi kwa mchango wako, maandishi na mwenendo. Joka halipigani.

Mchapakazi wa Temeke

Nimesoma yote, tena mara mbili. Nilikuja kuzika mikanda, na Msomaji kanionyesha kwamba kaburi nililochimba si la mikanda. Nakubali.

Nikijichunguza vizuri, kinachonikera ni yule anayenifundisha kuwa ndiye anayenipima na ndiye anayeniuzia mkanda. Mtu mmoja, mifuko mitatu. Kocha ameeleza mwenyewe jinsi hela iliyokwishaingia inavyofunga mdomo. Napendekeza hivi: mtahini atoke klabu nyingine, ada ilipwe iwe umepita au umeanguka, na mwanafunzi aseme mapema anapimwa kwa ajili ya nini. Wa mashindano apimwe taolu. Wa kupigana apigane. Mama wa Mapacha asukumwe.

Na yule kijana wa miaka 19, nikubali tu, taolu yake ni safi kuliko yangu. Huenda salamu ile nilimdai mimi bila haki.

Mama wa Mapacha

Mabega yalipanda ulipokuwa unaandika hiyo sentensi ya mwisho?

Mchapakazi wa Temeke

Mpaka masikioni.

Kocha wa Jioni

Mtahini wa nje nimewahi kumtafuta. Wa kwanza aliomba nauli na chakula cha mchana vinavyozidi ada nzima ya watoto niliyokusanya, wa pili ni hasimu wangu tangu 2009, angewaangusha wote ili kunikomoa. Pendekezo ni zuri, utekelezaji ndio kazi.

Lakini wewe njoo. Jumamosi saa moja asubuhi, kabla watoto hawajafika. Unakaa ma bu, mkao wa mpanda farasi, dakika tano, mapaja sambamba na sakafu, kisha raundi mbili na kijana wangu mwenye glavu. Halafu wewe ndiye unawapima watoto wangu, mimi nakaa nje ya ukumbi.

Mchapakazi wa Temeke

Ada kiasi gani?

Kocha wa Jioni

Maji ya kunywa uje nayo. Bomba letu limekatwa.

Kiatu cha Sanda

Huyo kijana mwenye glavu ana uzito gani? Nauliza tu.