Muhuri wa katuni wa 1954 Marekani: ulikuwa mbaya kuliko sheria ya serikali?

Kalamu ya Mkaa (mtoa mada):

Wadau, kwenye mada ya juzi kuhusu katuni wanazoangalia watoto kwenye simu, mchangiaji mmoja aliandika kwamba serikali ikae pembeni, kampuni zijisimamie zenyewe, mambo yatanyooka. Akapongezwa sana. Mimi napinga, na mfano wangu una tarehe na majina: Marekani, 1954.

Enzi hizo televisheni ilikuwa bado inaingia majumbani, na jarida la katuni liliuzwa senti kumi. Mtoto yeyote alilimudu. Baada ya vita soko lilifurika hadithi za uhalifu na za kutisha, na kwa ufundi hakuna aliyeifikia kampuni ya EC ya William Gaines, pale New York. Mwaka huo daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, akatoa kitabu akidai katuni zinawasukuma watoto kwenye uhalifu. Aprili 21 kamati ndogo ya Seneti iliyokuwa ikichunguza uhalifu wa watoto ikaketi New York. Wertham akatangulia, akasema Hitler alikuwa mwanafunzi tu mbele ya wenye biashara ya katuni.

Kisha akaingia Gaines, ambaye aliomba mwenyewe kutoa ushahidi. Seneta Estes Kefauver akanyanyua jalada la jarida la EC, Crime SuspenStories: mwanamume ana shoka lenye damu mkono mmoja, mkono wa pili ameshika nywele za kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Akamuuliza, hili lina staha? Gaines akajibu ndiyo, kwa jalada la katuni ya kutisha lina staha. Lisingekuwa nayo, akasema, kama kichwa kingeinuliwa juu kidogo, shingo ikaonekana inachuruzika damu. Seneta akamwambia mbona damu inamtoka mdomoni. Gaines: kidogo.

Kesho yake New York Times ikayaweka ukurasa wa kwanza. Kwisha habari yake.

Lakini serikali kuu ya Marekani haikupiga marufuku katuni. Ripoti ya kamati ile, 1955, ilikataa wazo la udhibiti wa serikali. Waliofunga mlango ni wachapishaji. Septemba 1954 wakaunda chama, Comics Magazine Association of America. Oktoba 26 wakapitisha kanuni, na hakimu wa New York, Charles Murphy, akaajiriwa kuwa mkaguzi mkuu. Kurasa zikawa zinapita ofisini kwake kabla ya kuchapwa. Ukipitishwa, jalada linagongwa muhuri. Ukikataliwa, msambazaji hakugusi.

Na kanuni zenyewe? Maneno "horror" na "terror" yasitumike kwenye jina la jarida. Zombi, wanyonya damu na watu wanaogeuka mbwa mwitu, marufuku. Wema lazima ushinde kila hadithi. Na hii isome taratibu: polisi, majaji na maofisa wa serikali wasionyeshwe kwa namna inayowavunjia heshima. Hiyo inamlinda mtoto au inamlinda ofisa?

Hoja yangu: muhuri ule ulikuwa mbaya kuliko sheria, kwa sababu sheria unaipeleka mahakamani. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Winters, ilibatilisha sheria ya jimbo la New York dhidi ya magazeti ya uhalifu na umwagaji damu, ikasema haieleweki mipaka yake. Sasa muhuri wa chama binafsi ungeushtaki wapi? Karibuni.

Mama Wawili:

Mtoa mada umeandika vizuri, ila umepita mbio pale palipo na mtoto. Umelieleza hilo jalada la kichwa na shoka kama kichekesho cha mahakamani. Mimi nimelisoma kama mzazi. Senti kumi, liko mezani kwa muuza magazeti, usawa wa macho ya mtoto wa miaka saba. Hakuna bahasha, hakuna alama ya umri, hakuna mtu wa kumuuliza ana miaka mingapi.

Nyie wapenda sanaa mkisikia "udhibiti" mnaruka. Wale akina mama wa Marekani hawakuwa wajinga. Walikuwa wanamwuliza mwenye duka kwa nini kitu hiki kipo karibu na peremende, na hawakujibiwa. Gaines angekuwa na busara siku ile angesema: hili ni la watu wazima, tuliweke juu. Badala yake akaanza kupima urefu wa kichwa.

Kijana wa Mbagala:

"Kidogo" 😂😂 jamaa alijichimbia kaburi mwenyewe.

Msomaji wa Usiku:

Kabla hamjamgeuza Wertham shetani, mjue huyu mzee alikuwa nani. Mwaka 1946 alishiriki kuanzisha kliniki ya Lafargue pale Harlem, mtaa wa watu weusi New York, kwenye chumba cha chini cha kanisa, ikiwatibu watu weusi kwa senti 25, na asiye nazo akatibiwa bure. Wakati ule hospitali nyingi hazikutaka hata kuwaona. Utafiti wake juu ya madhara ya kuwatenga watoto weusi shuleni ulitumika kwenye kesi ya Delaware, moja ya kesi zilizounganishwa kwenye hukumu ya Brown ya Mei 17, 1954, iliyoharamisha ubaguzi kwenye shule za umma. Hiyo ni wiki nne tangu akae mbele ya kamati kuzungumzia katuni. Mtu yuleyule, mwaka uleule.

Kwa hiyo hakuwa mhubiri wa kanisa anayechukia burudani. Alikuwa mtetezi wa watoto maskini aliyeona wanauziwa uchafu na watu matajiri. Hata alichodai kilikuwa kuzuia kuwauzia walio chini ya miaka 15. Kanuni ya wachapishaji hakuiomba na hakuipenda.

Ila, na hii ni "ila" kubwa, ushahidi wake ulikuwa mbovu. Nyaraka zake zilipofunguliwa mwaka 2010 kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, mtafiti Carol Tilley alizipitia na mwaka 2012 akachapisha alichokuta. Wertham aliunganisha wagonjwa wawili wakawa mmoja, akabadilisha maneno ya watoto, akaacha nje mambo mazito ya maisha yao, magenge na nyumba zenye vurugu, ili lawama ibaki kwa katuni peke yake. Mbele ya kamati alisoma hadithi ya EC yenye maneno ya kibaguzi akasema inafundisha chuki. Gaines akalazimika kueleza kwamba ile hadithi imeandikwa kuupinga ubaguzi, na maneno yale yamewekwa mdomoni mwa wabaya.

Wakili Asiye na Kesi:

Ndugu mtoa mada, hoja ya Winters ni tamu lakini umeibeba nusu. Unasema sheria unaipeleka mahakamani. Anaipeleka nani, kwa fedha za nani? Winters, yule muuza vitabu, alishtakiwa kwanza, akatiwa hatiani, ndipo kesi ikapanda hadi juu. Muhuri haukumpeleka mtu mbele ya jaji.

Tazama waliochagua sheria. Kanada 1949 waliingiza katuni za uhalifu kwenye sheria ya jinai, na kifungu hicho kikafutwa mwaka 2018. Ufaransa ilipitisha yake Julai 1949 na kuunda tume ya kukagua machapisho ya watoto, na tume hiyo ikawa pia fimbo ya kuyabana majarida ya kigeni. Uingereza 1955, baada ya kelele nyingi, zikiwemo za Septemba 1954 pale Glasgow ambako mamia ya watoto walivamia makaburi wakimsaka mnyonya damu mwenye meno ya chuma, watu wakalaumu katuni za Marekani, Bunge likaleta kifungo na faini. Hayo ndiyo unayatamani?

Tena muhuri ulikuwa wa hiari. Dell, iliyokuwa kubwa kuliko karibu wote, ilikataa kujiunga na ikaendelea kuuza.

Kalamu ya Mkaa:

Wakili, huo mfano wa Uingereza umenisaidia mimi. Sheria ile ya 1955 ilihitaji idhini ya Mwanasheria Mkuu kabla ya kumshtaki mtu Uingereza, ilijadiliwa hadharani bungeni, na wabunge wakaibana iseme wazi inalenga kitu gani. Baada ya hapo kesi zake zilikuwa za kuhesabu. Muhuri wa New York haukuwa na Bunge, haukuwa na rufaa nje ya chama, na ulifanya kazi kila siku kwenye kila ukurasa.

Kuhusu Dell: wao walikuwa wanauza akina Donald Duck, nani angewakataa? Hiari ya mwenye bata si hiari ya mwenye kaburi.

Penseli HB:

Naomba niseme kama mchoraji, maana mnabishana juu ya sheria na hakuna aliyetazama meza ya kuchorea.

Mwishoni mwa Desemba 1954 Murphy alijisifu mbele ya waandishi kwamba ofisi yake imekataa hadithi 126 na kubadilisha michoro 5,656. Baadhi ya hizo ni maumbo ya wanawake yaliyopunguzwa na nguo zilizorefushwa. Fikiria umelipwa kwa ukurasa, umemaliza wino, ukurasa unarudi: punguza kifua, futa jasho, huyu maiti asionekane usoni. Hapo hujachora upya kidirisha kimoja tu, maana ukigusa kimoja mwendo wa ukurasa mzima unavurugika. Wengi waliondoka kwenye fani, wakaenda kwenye matangazo na vielelezo vya vitabu.

Halafu fuateni harufu ya fedha. Rais wa chama kile alikuwa John Goldwater wa kampuni ya Archie, iliyouza hadithi za vijana wapole wa shule. EC nguzo zake zilikuwa The Vault of Horror na Crime SuspenStories. Kanuni inapiga marufuku "horror" kwenye jina na inataka neno "crime" lisikuzwe kwenye jalada. Unahitaji miwani kuona nani alikuwa anaondolewa sokoni? Gaines mwenyewe ndiye aliyewaita wachapishaji kwenye kikao cha mwanzo akitaka waungane kujitetea. Wenzake wakakigeuza kikao kuwa cha kujidhibiti.

Sisi tuliojifunza kuchora kwa kunakili Kipepe na Lodilofa wa jarida la Sani tunajua kwamba mchoro wa utani ukishaanza kuogopa ofisa, haubaki utani.

Mama Wawili:

Kaka Penseli, biashara chafu nimeielewa. Lakini bado hakuna aliyenijibu. Kama si serikali na si wachapishaji, nani anasimama kati ya mtoto na ile meza? Mkisema "mzazi", kumbukeni yule mama wa Harlem alikuwa kazini siku nzima.

Msomaji wa Usiku:

Dada, jibu lilikuwepo palepale na ndilo alilolitaka Wertham: tenga kwa umri. Filamu za Marekani zilifika huko mwaka 1968. Katuni zikapewa kanuni moja kwa wote, kana kwamba kila msomaji ana miaka saba, wakati wanajeshi na watu wazima walikuwa wateja wakubwa. Hilo ndilo kosa lenyewe kwangu, kuliko suala la nani aliyeshika muhuri.

Kijana wa Mbagala:

Zombi marufuku mpaka lini? Mbona Marvel wanazo?

Msomaji wa Usiku:

Miaka ya 70 Marvel walizichora wakaziita "zuvembies" ili zipite. Wafu walewale, jina jipya, muhuri juu.

Kalamu ya Mkaa:

Mama Wawili, kutenga kwa umri nakubali mia kwa mia. Ila nataka muone muhuri ulipofika ukiachwa mikononi mwa mtu mmoja.

Kwa toleo la mwanzoni mwa 1956 EC walitaka kurudia hadithi yao ya 1953, "Judgment Day", ya Al Feldstein na mchoraji Joe Orlando. Mjumbe kutoka Dunia anaenda kwenye sayari ya roboti kuona kama inastahili kujiunga na jamhuri ya sayari. Anakuta roboti wa rangi ya chungwa wanawabagua wa buluu: mabasi mbali, makazi mbali, wakati ndani ni vyuma vilevile. Anawanyima. Kidirisha cha mwisho anavua kofia ya angani, na ni mtu mweusi, jasho linametameta usoni.

Kwa maelezo ya Feldstein, Murphy alisema hawezi kuwa mweusi. Kumbukeni kanuni zao zilikataza kushambulia watu kwa rangi! Gaines akatishia kuyaanika hadharani, wakashuka wakataka basi jasho lifutwe. Akakataa, akachapa kama ilivyokuwa. Hiyo ndiyo ikawa katuni ya mwisho ya EC. Akabaki na MAD, la vichekesho, ambalo mwaka 1955 lilishageuzwa kuwa jarida la senti 25 lisilopita kwa mkaguzi.

Na 1970 wizara ya afya na elimu ya Marekani ilimwomba Stan Lee wa Marvel atunge hadithi ya kuwatahadharisha vijana juu ya dawa za kulevya. Akaiandika kwenye Spider-Man. Serikali inaomba, muhuri unakataa, kwa sababu dawa za kulevya hazikutakiwa kutajwa kabisa.

Wakili Asiye na Kesi:

Na Marvel mwaka 1971 wakachapa matoleo yale matatu bila muhuri, yakauzika, na kanuni ikarekebishwa mwaka huohuo. Umejibu swali lako mwenyewe, ndugu. Mlango ulikuwa wazi. Ingekuwa sheria ya jinai, Stan Lee angekuwa kizimbani.

Kalamu ya Mkaa:

Marvel 1971 walikuwa na jina ambalo hakuna muuza magazeti angelirudisha. Mwaka 1955 Gaines alijaribu mlango huohuo. Aliua majarida yote ya kutisha, akatoa mapya ya madaktari, marubani na waandishi wa habari, hayana tone la damu ya kaburini, ila mwanzoni hayana muhuri. Vifurushi vilirudi kutoka kwa wauzaji wa jumla vikiwa havijafunguliwa kamba. Hakuna aliyesoma ukurasa hata mmoja. Sasa wakili, andaa hati ya madai: mdaiwa wa kwanza ni nani?

Wakili Asiye na Kesi:

Msambazaji. Kwa sheria za ushindani. Nipe mpaka kesho nikuletee vifungu.