Nimepewa uhamisho, moyo umekataa. Mtawa anaruhusiwa kusema hapana?

SistaAsiyelala: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mtawa wa nadhiri za daima. Mama Mkuu amenitoa chuo cha uuguzi ninakofundisha, anataka nikasimamie jiko la nyumba ya malezi ya watawa wapya. Sababu hakutoa, kasema tu "utii, sista". Wanafunzi wangu wako katikati ya mafunzo kwa vitendo. Naruhusiwa kukataa? Usingizi sina. Naomba msinitukane.

BibiRozari: Milele amina. Mwanangu, Kristo alitii mpaka mauti, tena mauti ya msalaba. Wewe jiko tu linakushinda? Anza novena leo.

FrateraZamani: Pole sista. Nikiwa shirikani nilihamishwa wakati kwaya yangu ya vijana ndiyo kwanza inasimama. Nilinuna muda mrefu. Baadaye nikasikia kwamba ndugu wa kule nilikopelekwa alikuwa mgonjwa na wakuu walimfichia siri. Walifanya vema kumsitiri, lakini neno moja tu wangeniambia, ningekwenda kwa furaha.

Mwanakanoni: Kukataa, hapana. Kueleza, ndiyo. Kanuni ya 601 ya Sheria za Kanisa inakutaka utii mkuu anapoamuru kulingana na katiba ya shirika. Lakini ya 618 inambana yeye awasikilize wanashirika, ingawa uamuzi unabaki wake. Hata Mtakatifu Benedikto, sura ya 68 ya Kanuni aliyowaandikia watawa, anamruhusu ndugu aliyepewa jambo zito kupita kiasi aeleze kwa upole kwa nini haliwezi. Mkubwa akishikilia, ndipo atii. Je, ulieleza? Na ulitakiwa kuripoti lini?

SistaAsiyelala: Nilieleza kwa simu. Akasema tutaongea nikishafika.

Mwanakanoni: Swali la pili hujajibu.

SistaAsiyelala: Tarehe imepita. Niko kwa dada yangu wa tumbo moja. Lakini sijatoroka! Ningekwenda kule, ningekuwa nimeshakubali. Kuna chuo kingine kimeniahidi kazi, ila sijasaini.

KaziKwanza: Saini. Wauguzi wanahitajika kuliko wapishi.

BibiRozari: Kumbe jiko siyo tatizo!

KijiweniDaima: Wadau, hii chai. Mwenye nadhiri ya ufukara nauli na bando katoa wapi? Na shirika mbona halitaji?

FrateraZamani: Masista wana simu, ndugu. Mshahara wao ndio unaoingia shirikani, kanuni ya 668, ila nauli wanapewa.

KijiweniDaima: Basi ataje shirika.

SistaAsiyelala: Sitaji. Limenilea, sitalianika hapa. Simu ni ya dada, yangu nimeizima.

Mwanakanoni: Hata kama kisa ni cha kutunga, yupo anayesoma na kinamhusu, kwa hiyo najibu. Tangu 2019, kwa agizo la Papa Fransisko, mtawa anayekaa nje isivyo halali miezi 12 mfululizo na hapatikani anahesabiwa amefukuzwa kwa sheria yenyewe. Hujafika huko. Ukihitaji kupumua, omba: kanuni ya 665 inaruhusu kuishi nje ya jumuiya hadi mwaka mmoja, na 686 hadi miaka mitano kwa sababu nzito. Vyote anatoa mkuu kwa ridhaa ya baraza lake. Ila ukisaini kwanza, utakuwa unaomba ruhusa ya jambo ulilokwisha kulifanya.

SistaAsiyelala: Nasikia sheria inawataka wao wanitafute.

Mwanakanoni: Ndiyo, 665 hiyo hiyo: wakutafute, wakusaidie urudi na udumu. Watakupataje na simu imezimwa?

SistaAsiyelala: Nimeiwasha. Nimemwandikia Mama nilipo, nimeomba tuonane uso kwa uso kabla sijaenda popote. Ile kazi sijaikataa.

FrateraZamani: Hicho chuo kinajua wewe ni mtawa?

SistaAsiyelala: Hapana. Niliandika "mwalimu wa uuguzi" tu.

FrateraZamani: Waambie leo, Mama asije akalisikia kwao kabla hajalisikia kwako.