Mrejesho: babu nimempata kwenye daftari la ubatizo

Wakuu, niliuliza nitampataje babu mzaa baba kwenye madaftari ya parokia wakati hata mwaka wa kuzaliwa hatuujui. Nimempata! Nilikuwa natafuta Yohana, kumbe padri kaandika Kilatini, Joannes, ndo maana nilipitia kurasa zilezile mara mbili patupu. Na mlioniambia nisome pembeni mwa ukurasa, aisee asanteni, kuna kamstari ka wino mwingine, tarehe ya ndoa na jina la bibi, kumbe Wakatoliki tangu amri ya Ne Temere ya 1907 ndoa ikifungwa lazima iandikwe pia kwenye daftari la ubatizo. Sasa nahamia daftari la ndoa, na yule msimamizi wa ubatizo namfuatilia, ana jina la ukoo wetu.