Kugombea uongozi chuoni bila kadi ya chama, inawezekana?

Binti wa Mwaka wa Pili:
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Nasoma ualimu, chuo nakihifadhi. Muhula uliopita boom, yaani fedha za mkopo za kujikimu, lilichelewa wiki tatu. Mwenzangu wa chumbani alipiga pasi ndefu mpaka mikono ikawa inamtetemeka akiandika: uji asubuhi, kisha maji tu hadi usiku, wali maharage wa kukopa kwa mama ntilie. Nikaandika barua, nikakusanya saini 214, nikaipeleka ofisini. Bahasha haikufunguliwa. Niliulizwa, "Umetumwa na chama gani?"

Sasa nagombea ubunge wa serikali ya wanafunzi, na fomu ina nafasi ya kujaza chama. Sina kadi yoyote. Wenzangu wanasema nichukue, la sivyo jina litakatwa. Nifanyeje?

Mwalimu wa Historia:
Marahaba mwanangu. Swali hilo la "umetumwa na nani" ni la tangu zamani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Mwalimu Nyerere alikasirika sana, ila siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Yaani malalamiko yao kuhusu mishahara mikubwa ya viongozi yalimwingia. Mwaka 1970 ikapigwa marufuku USARF, jumuiya ya wanafunzi wanamapinduzi pale chuo kikuu iliyowahi kuongozwa na Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, pamoja na jarida lao la Cheche. Na hao walikuwa wajamaa kuliko serikali yenyewe! Likabaki tawi la vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule. Kwa hiyo kadi haitakukinga. Usiichukue kwa hofu.

Kaka Mhitimu:
Mdogo wangu, mimi niliichukua, nikapata uwaziri wa mikopo. Boom lilipokwama, katibu wa tawi akanipigia saa nne usiku: kesho usiitishe kikao. Sikuitisha. Asubuhi watu walikuwa wamekaa kwenye ngazi za bweni wananisubiri, nikapitia mlango wa nyuma. Hadi leo najuta.

Binti wa Mwaka wa Pili:
Asanteni sana. Kaka, pole, na asante kwa kulisema. Fomu nimeirudisha leo mchana, pale kwenye chama nimepiga mstari, na nyuma nimebana nakala ya zile saini. Majina yanabandikwa Ijumaa.