Ati mashini yangu njo inakula moto ya lupango yote?

kamama_Ruashi
Yambo yenu bote. Niko hapa Lubumbashi, tunakaa nyumba ine mu lupango moja, faktire ya umeme inakuyaka moja tu, kisha mwenye lupango anaigawanya sawasawa. Mwezi uliopita ilikuwa falanga 60 000, kila nyumba 15 000, hakuna muntu alisema neno. Sasa tangu biro yetu itukubalie kutumikia ku nyumba, ku mashini (ordinatere, kompyuta), siku tano kwa juma, ba jirani banakaa pa robine banahesabu masaa yangu. Jana papa wa nyumba ya tatu akasema mbele ya bote: "Weye unashinda ku mashini kuanzia asubui mpaka mangaribi, lipa mara mbili." Yaani mimi nitoe 30 000, benyewe 10 000 kila nyumba. Eh!

Sikatae kulipa kama kweli nakula, lakini iyi mashini ni kadogo ka kubeba mu mkono, inaweza kula sawa nyumba mbili? Nitajua namna gani? Na kuko ingine, mbele nilikuwa nakula midi ku kazi, sasa napika ku nyumba, gunia ya makala yenye ilikuwa inafika mwezi, juma tatu tu naona paka vumbi. Iyi yote biro haijue.

fundi_Katuba
Dada, usibishane na maneno. Geuza shaja ya mashini usome kile kikaratasi cha nyuma. Nyingi zimeandikwa 19.5V na 3.33A upande wa kutoa. Zidisha, unapata wati 65. Na hiyo 65 ni mwisho wake, betri ikiwa tupu na mashini inafanya kazi ngumu, ukiwa unaandika tu barua inateremka mpaka 30 hivi. Ila tuseme 65, tusimpe papa nafasi. Masaa 9 kwa siku ni wati-saa 585, haifiki hata kilowati-saa moja. Siku 22 za kazi, ni kama 13 kwa mwezi.

Sasa angalia resho, lile jiko la umeme. Resho ya waya ya wati 1500, muntu aiwashe masaa 3 tu kwa siku, ni kilowati-saa 4.5, kwa mwezi 135. Mara kumi ya kazi yako yote! Na kama pa mlango wa lupango kuko ampule ya kizamani ya wati 100 inawaka saa 12 jioni mpaka saa 12 asubui, ile peke yake inakula 1.2 kila usiku, mara mbili ya mashini yako. Kitu chochote chenye kutoa joto njo mulaji: resho, pasi, birika ya umeme, maji ya kuoga mwezi wa sita na wa saba baridi ikikaza. Mashini yako haiwezi kuivisha yai, njo ujue.

Swali langu: mu iyo lupango nani eko na kongelateri, ile friza ya kugandisha maji?

mwana_Kolwezi
Munapigania wati 65 wakati laini ya umeme ya Inga, kule ku barazhi ya mto Kongo, inatembea kilometa kama 1 700 mpaka huku kwetu, tangu 1982, inapita juu ya ba vijiji vyenye havina hata ampule moja, ikifika inaingia mu migodi. Sisi tunabaki kugawana giza. Samahani, nilitaka tu kusema.

tantine_Kenya
(Kenya komini ya hapa Lubumbashi, si ya Nairobi, juu bamoja bananiulizaka.) Binti yangu, fundi amesema vizuri lakini yeye anaona paka umeme. Hasara yako iko ku mbaula, jiko ya makala. Unawasha asubui ya chai, unaacha inakufa, unawasha tena midi, unawasha mangaribi, na kila mara makala ya kwanza inaisha ku kuwashisha tu, chungu haijapata kitu. Mimi maharagi nalowesha usiku, asubui chai ikitoka naweka chungu palepale juu ya moto ileile, saa ine imeiva, nafunika na bulangeti ya zamani mu kitunga, midi inatoka ingali ya moto nasonga tu bukari. Makala yenye inabaki naifunika na majivu, ya mangaribi. Na weye uko ku nyumba siku muzima, chungu unaweza kuiangalia, dada wa biro haiweze.

mzee_BelAir
Mimi natumikia nyumbani tangu Korona ya 2020 kwa hiyo nasema nikijua. Biro wanaokoa chai, mafuta ya jenereta yao, viti, halafu gharama inahamia kwako polepole bila mtu kukuambia. Usiwaombe "musaada ya umeme", hawatajibu, andika hesabu kama ile ya fundi, tarehe, masaa, kilowati-saa 13, megabaiti ngapi, na umpe mkubwa wako mkononi. Mimi umeme walinikatalia wakanipa megabaiti, nikapokea mbio, juu megabaiti njo zilikuwa zinaniua zaidi.

Tena usikimbilie kununua jenereta juu ya mashini tu, ni kuchoma petroli ya bure. Betri ya sola ya 12V 100Ah ukitumia nusu yake tu isiharibike, ni wati-saa 600, siku ya kazi inapita.

kamama_Ruashi
Aksanti bote. Nimegeuza shaja: 19.5 na 3.33 kabisa, fundi sijui ni mulozi.

Sasa mungojee. Umeme ilikatika mangaribi, ikarudi saa nane ya usiku, mimi nikatoka kuenda ku choo, napita karibu na dirisha ya nyumba ya tatu, naona resho ku tofali, waya zote nyekundu sawa nyoka amejikunja, juu yake hakuna chungu, hakuna kitu, na bote bamelala banakoroma. Balisahau kuchomoa fishi (plagi)! Na kongelateri fundi, iko kwake papa uyo uyo, bibi yake anauzisha maji ya baridi mu sashe.

Asubui nikashuka pa robine na karatasi, nikasoma yote, resho, kongelateri, ampule. Papa akasema: "Ile ya kongelateri ni biashara, haihesabiwe." Mama wa nyumba ya kwanza alicheka mpaka ndoo ikamwangukia ku muguu. Mwenye lupango anasema ataleta kompteri ndogo (mita ya umeme) ya kila nyumba, lakini nani atanunua hakusema. Tumepatana mimi nitoe 18 000, ba nyumba tatu 14 000 kila moja. Najua ni mingi kupita yenye nakula, ni juu ya salamu tu. Bibi yake hata vile haniamkie tena.

fundi_Katuba
Kompteri zikikuja, zote zifungwe inje ku ukuta pamoja, musikubali ingine ikae ndani ya nyumba ya muntu. Na mwambie papa aguse fishi ya ile resho ikiwa inatumika. Ikiwa ya moto mkononi, aitoshe leo, mbele ya mambo ya faktire.